UZI: Cinderfella ya Jerry Lewis (1960) inachekesha jikoni na kwenye ngazi, kwingine imelala. Nani aliiharibu?

#1 Fundi Projekta
Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa komedi za zamani ukifika kwa Jerry Lewis, lazima mtu aitaje Cinderfella (Paramount, 1960). Na kila anayeitaja anataja vipande vilevile vitatu: Fella yuko jikoni anapiga ala zisizokuwepo huku redio ikilia, Fella kwenye meza ndefu ya chakula, na Fella anashuka ngazi za ukumbi bendi ya Count Basie ikimpigia. Kilichobaki hakuna anayekikumbuka.

Kwa ambao hawajaiona: ni Sinderela aliyefanywa mwanaume. Baba kafa, mama wa kambo (Judith Anderson) na wanawe wawili (Henry Silva na Robert Hutton) wamemgeuza Fella mtumishi ndani ya jumba la baba yake mwenyewe. Anatokea mzee wa miujiza, Ed Wynn, anaigeuza baiskeli kuwa gari na samaki wa kwenye bakuli kuwa dereva. Saa sita usiku ikifika mambo yanarudi yalivyokuwa, kiatu kinaachwa nyuma.

Sasa angalieni kikosi. Mwongozaji ni Frank Tashlin, mtu aliyeongoza katuni za Warner Bros. kabla ya kuongoza binadamu. Jerry ana miaka 33 wakati wa kupiga picha na mwili bado unamtii. Muziki ni wa Basie. Muvi ya saa moja na nusu yenye watu hao inakuwaje na vicheko vya robo saa tu?

#2 Mla Mihogo
Jerry. Yeye ndiye mtayarishaji, mkasi ulikuwa mkononi mwake. Alitaka tucheke na tumwonee huruma kwa wakati mmoja, akakosa vyote viwili. Mods wafunge uzi.

#3 BintiMakame
Haufungwi upesi hivyo, mkuu #2. Aliyeandika hadithi ya filamu hiyo ni Tashlin huyohuyo. Zile hotuba za upweke, ndoto za baba marehemu anayekuja kumweleza mwanawe mali ilikofichwa, zote zimo kwenye hadithi tangu mwanzo, hazikuokotwa kwenye chumba cha uhariri. Kama ni lawama, igawe nusu kwa nusu.

Na kuna jambo la Perrault. Wengi hudhani Sinderela ni mmoja. Yule wa Charles Perrault (1697) ndiye mwenye boga, kiatu cha kioo na msamaha: mwishoni anawachukua dada zake wa kambo na kuwaoza kwa mabwana wakubwa. Yule wa ndugu Grimm (1812) ana kiatu cha dhahabu na dada wanaokata vidole na kisigino ili kiatu kiwaingie, na toleo la 1819 likaongeza ndege wa kuwatoboa macho. Tashlin alimfuata Perrault. Mali inapatikana, Fella anawapa wabaya wake, mama wa kambo anaona haya na kuamuru irudishwe. Vichekesho vya aina hii vinataka mbaya aipate yake mbele ya macho yetu. Ukimsamehe kabla hajaanguka kwenye tope, mtazamaji anakudai.

#4 Ngosha wa Fremu
#3 umenena kuhusu Perrault, lakini tatizo nadhani liko kwenye mgawo wa kazi: nani anaanguka?

Tazameni katuni ya Disney ya 1950, miaka kumi tu kabla ya Cinderfella. Sinderela mwenyewe hadondoki. Kudondoka, kubanwa mkia, kugongwa na vyombo, vyote wamepewa panya Jaq na Gus na yule paka Lucifer. Kwa hiyo binti anabaki na heshima yake, tunamhurumia bila kumcheka, na vicheko vinaendelea kule sakafuni kwenye kimo cha panya. Ni njia mbili zinazokwenda sambamba na hazigongani.

Kwenye Cinderfella mwili ni mmoja. Jerry anaanguka, halafu Jerry huyohuyo anaimba kwa huzuni. Kila akigeuka kutoka huku kwenda kule, mtazamaji anahitaji muda wa kujipanga upya, na muda huo ndio mnaouita kulala.

#5 Mla Mihogo
Hao panya walilipwa shilingi ngapi?

#6 Otero_254
Wadau, mbona mmesahau Jack and the Beanstalk ya Abbott na Costello, wale wachekeshaji wawili wa Marekani, 1952? Hapo mwili ni mmoja na bado inaenda. Lou Costello anaanguka, anapigwa, anaonewa, na ndiye shujaa. Kwa hiyo maelezo ya #4 hayatoshi.

Kilichowasaidia ni fremu ya ndoto. Muvi inaanza kwa rangi ya kahawia: Lou ameenda kulea mtoto, badala ya yeye kumsomea mtoto hadithi, mtoto ndiye anayemsomea. Lou anasinzia, ndipo rangi zinaingia (SuperCinecolor, mfumo wa filamu za rangi) na ngano inaanza. Watu wa mwanzoni wanarudi ndani ya ndoto: Buddy Baer ni polisi kule na zimwi huku, Dorothy Ford ni mpokea wageni kule na mtumishi wa zimwi huku. Ukishajua ni ndoto ya mtu mzima mwenye akili ya mtoto, huulizi kwa nini anaumia na kuinuka. Cinderfella haikuweka mlango huo. Miujiza inaingia moja kwa moja kwenye jumba lenye simu na magari.

#7 Fundi Projekta
#6 asante kwa kuitaja. Nyongeza: ilipigwa Julai 1951 kwenye studio za Hal Roach, mwongozaji Jean Yarbrough, na sehemu ya mandhari ilikuwa ya muvi ya Joan of Arc ya 1948. Ilikuwa ya upande wa Costello katika mpango wa kila mmoja kuwa na muvi yake nje ya studio yao ya Universal. Ya Abbott ni ile ya Captain Kidd, nayo ilitoka 1952.

Na zimwi lao halikuhitaji ufundi mkubwa. Buddy Baer alikuwa bondia, yule aliyepigana na Joe Louis mara mbili, 1941 na 1942. Kimo chake ni karibu mita 1.98, Lou kama 1.65. Tofauti ya sentimita 33 unaikuza kwa njia tatu: kamera iwe chini ya kiuno cha zimwi, zimwi lisogee mbele hatua moja kuliko Lou, na vyombo vya kwake vitengenezwe vikubwa. Kosa la kawaida ni kumweka zimwi nyuma ya mtu mfupi. Lenzi inampunguza, kazi yote inapotea.

#8 BintiMakame
Otero, hiyo Jack nayo ina nyimbo za mapenzi za yule mwana wa mfalme ambazo hata mtoto anaziruka. Tusiipambe.

#9 Otero_254
Hapo sibishi 😂 Lakini nyimbo hizo haimbi Lou.

#10 Sauti Tatu
Nimewasoma wote. Mnaongelea hadithi, ngoja niongee sauti, maana vipande viwili kati ya vile vitatu vya #1 vimebebwa na muziki uliorekodiwa kabla.

Kile cha jikoni kimekaa juu ya wimbo "Cute" wa Neal Hefti. Namna kazi hiyo inavyofanywa: wimbo unakamilishwa kwanza, mwigizaji anapewa nakala, anakariri kila pigo kwa kuhesabu vipimo, kisha anagawa ala kwa viungo. Brashi za ngoma mkono huu, filimbi midomo, matarumbeta kichwa na mabega. Siku ya kupiga, wimbo unachezwa kwa spika na kamera inachukua mwili mzima, kwa mikato michache iwezekanavyo.

Yanayoharibika:

Spika ikiwa mbali. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Fremu moja ni kama sekunde 0.042, na ndani ya muda huo sauti imesafiri mita 14 tu. Ukiweka spika mwisho wa seti yenye mita 28, mwigizaji anausikia muziki fremu 2 baada ya wakati, naye anapiga fremu 2 baada ya wakati. Kwa pigo laini haionekani, kwa pigo kali la tarumbeta jicho linakataa. Spika ndogo karibu na miguu yake ni bora kuliko kubwa ukutani.

Kufuata badala ya kutangulia. Anayesubiri asikie pigo ndipo asogee amechelewa tayari. Mkono lazima uanze safari kabla, ufike pamoja na pigo.

Ala moja kupewa viungo viwili. Tarumbeta ikiwa kichwa leo na kiwiko sekunde mbili baadaye, mtazamaji hajui tena anatazama nini.

Jerry kwenye hayo matatu ni sahihi kupita kiasi. Na angalieni 1963, Who's Minding the Store, kile kipande cha taipureta isiyokuwepo juu ya wimbo wa Leroy Anderson. Mwongozaji ni Tashlin tena. Kwa hiyo anayesema Tashlin na Jerry hawakuelewana kazini aeleze hicho.

#11 Kidaga
Swali la mgeni: zile ngazi hazijaongezwa spidi? Mtu anashuka kama hagusi chini.

#12 Sauti Tatu
#11 karibu. Kuongeza spidi ni kupiga fremu chache kuliko utakazoonyesha. Ukipiga 20 kwa sekunde na kuonyesha 24, kila kitu kinaenda mara 1.2. Ila kwenye kipande cha muziki lazima na wimbo upunguzwe kwa kiwango hichohicho wakati wa kupiga, la sivyo miguu na ngoma zinaachana. Inafanyika, lakini ni usumbufu.

Kukagua ni rahisi: usimtazame Jerry. Tazama pindo za koti, zinaanguka kwa kasi ya mvuto wa dunia na haziwezi kudanganya. Tazama wapiga saksafoni nyuma, wanavyopumua na kugeuza kurasa. Tazama wageni wanaotembea. Wote wakienda kawaida na yeye anaruka, basi ni miguu yake.

#13 Ngosha wa Fremu
Ni miguu yake, na ilimgharimu. Kushuka kulipigwa mara moja tu. Kurudi juu, pale saa sita inapogonga, alipanda mbio, akafika juu, akaanguka. Moyo. Siku 4 kwenye hema la oksijeni na upigaji ukasimama wiki 2.

#14 Mla Mihogo
Ngazi 63 kwa sekunde 7. Alikuwa na sifa huyo bwana.

#15 Mhandisi Mstaafu
#14, hesabu hiyo ni ya Jerry mwenyewe, na kuna masimulizi yanayosema sekunde 9. Tuipime.

Chukua ngazi ya sentimita 15 kwenda juu, ndiyo ya kistaarabu kwa ukumbi. Mara 63 ni mita 9.45, yaani ghorofa tatu. Mtu wa kilo 70 akijipandisha kimo hicho kwa sekunde 9 anatoa wati 720. Kwa sekunde 7 anatoa wati 926. Nguvu ya farasi mmoja ni wati 746. Kijana wa mazoezi anaweza kwa muda mfupi hivyo, ila ngazi 63 kwa sekunde 7 ni ngazi 9 kila sekunde: huwezi kukanyaga kila moja, lazima uruke mbili au tatu kwa hatua. Kwa viatu vya ngozi na sakafu iliyong'arishwa. Na alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Hata sekunde 9 zinatosha kumlaza mtu.

Kwenye kushuka hatari ni nyingine. Kisigino kinakamata ukingo. Wacheza dansi hugeuza mguu kidogo pembeni ili unyayo wote upate pa kukaa, kwa sababu kina cha ngazi ni sentimita 28 hadi 30 na kiatu cha mwanaume kinazidi hapo kikielekea mbele. Asiyejua hilo anaanguka kweli, na anguko la kweli halichekeshi, linatisha.

#16 BintiMakame
Mhandisi, umeniua na farasi 😂

Turudi kwenye hoja. Mmesahau kalenda. Paramount walitaka Cinderfella itoke kiangazi cha 1960, Jerry akataka Krismasi kwa sababu ni ngano ya familia. Wakakubaliana awape nyingine ya kujaza kiangazi. Ndipo akaenda Miami Beach, hoteli ya Fontainebleau, Februari na Machi 1960, akapiga The Bellboy, yeye mwenyewe mwongozaji kwa mara ya kwanza. Ikatoka Julai. Cinderfella ikangoja Desemba.

Sasa, The Bellboy haina hadithi kabisa na yenyewe inakiri hivyo mwanzoni. Kichekesho, kichekesho, kichekesho, kwaheri. Mhusika hasemi neno mpaka mwisho. Inachekesha zaidi kuliko Cinderfella kwa rangi nyeusi na nyeupe na bila mfalme wala jumba. Mimi naona jibu ni hilo: ngano ndiyo mzigo. Sinderela ana vituo ambavyo huwezi kuviruka (mateso, miujiza, dansi, kengele, kiatu), kila kituo kinakula dakika, na kichekesho kinaomba nafasi kama abiria wa kusimama.

#17 Fundi Projekta
#16 siafiki. Vituo vya ngano ndivyo vinavyompa mchekeshaji kazi. Mtazamaji anajua kengele itagonga, kwa hiyo ukichelewesha anacheka, ukiwahisha anacheka. Méliès, yule Mfaransa wa filamu za mwanzo, alilijua hilo 1899. Cendrillon yake (Sinderela kwa Kifaransa) ni dakika kama sita, mandhari 20, na kengele ya saa sita ameifanyia fujo nzima: kiumbe anatoka ndani ya saa, saa zinacheza dansi. Kituo kimoja, vichekesho vitano.

Ufundi wake ni wa kusimamisha kamera. Tripodi (miguu mitatu ya kamera) imefungwa isitikisike, mwigizaji anaganda, kamera inasimama, boga linatolewa, gari linaingizwa, kamera inaendelea. Kisha mkato unasafishwa kwenye meza, fremu za mwanzo na mwisho zilizoungua zinaondolewa. Kinachoharibu ni yule aliyeganda akisogeza kichwa hata kidogo, na taa, au jua kwa wakati ule, ikibadilika katikati.

#18 Ngosha wa Fremu
Ila kwa Méliès wanaofanya fujo ni saa, si Sinderela. Hoja yangu ya #4 imesimama.

#19 Otero_254
Hata panya hawakuomba utetezi namna hii.

Nyingine ambayo hamjaigusa: Sinderela wa Perrault hana pa kwenda. Ni binti, karne ya 17, bila mahari wala kazi. Fella ni mwanaume mzima Marekani ya 1960. Anabaki kwa nini? Muvi inasema anataka familia. Sawa, lakini mtu anayeweza kuondoka na haondoki huruma yake inaisha mapema. Na ile hoja ya mzee wa miujiza, kwamba Sinderela amewaharibia wanaume kwa kuwafanya wanawake wasubiri mwana wa mfalme, ni mzaha mzuri wa dakika mbili waliotaka ubebe muvi nzima.

#20 Kidaga
Mkiongelea kiatu cha kioo na vyombo vinavyovunjika kwenye komedi, vile vioo ni vya kweli?

#21 Mhandisi Mstaafu
Hapana. Enzi hizo vingi vilikuwa sukari. Kiatu cha Fella ni cha kawaida tu cha kiume, ila chupa na madirisha ya komedi ndiyo hayo.

Sukari vikombe 3 na nusu, maji vikombe 2, glukosi ya maji (ile ya waoka keki) kikombe 1, krimu ya tatari (unga mweupe wa waokaji) robo kijiko cha chai. Chemsha taratibu bila kukoroga baada ya sukari kuyeyuka, ukikoroga itarudi kuwa chenga. Kipimajoto kifike nyuzi 150. Ukitoa kwenye 140 inanata kama tofi na haivunjiki, ukivuka 160 inageuka kahawia. Mimina kwenye trei uliyopaka mafuta, iache ipoe yenyewe.

Adui ni unyevu. Sukari inavuta maji hewani, na kwa Dar, Mombasa au Unguja kioo chako kitaanza kutoa jasho ndani ya saa chache. Kitengenezwe asubuhi, kifungwe kwenye boksi lenye vifuko vya kukausha, kitolewe dakika ya mwisho, na taa za moto zisikae karibu. Na ncha zake zinakata ngozi bado, usimpige nayo mtu usoni.

#22 Mla Mihogo
Sasa uzi umekuwa wa mapishi. Naomba na ya boga.

#23 BintiMakame
Kabla hatujafika kwenye boga: kuna ngano yetu ingefaa hii kazi kuliko Sinderela, Kisa cha Sultani Darai, kimo kwenye Swahili Tales ya Edward Steere, 1870, kimesimuliwa Zanzibar. Hamdani maskini anachakura jaani, anapata kisarafu, ananunua paa. Paa anasema, anamtafutia bwana wake mke kwa sultani, anazua kwamba bwana kaporwa na majambazi njiani, anapelekewa nguo na farasi. Halafu paa anakwenda kumuua nyoka wa vichwa saba na kuchukua nyumba yake.

Kwa hoja ya #4, mgawo upo: mjanja ni paa, wa kuanguka ni Hamdani. Kwa hoja ya #6, ndoto ipo: mwisho Hamdani anaota yuko jaani, anaamka na mkono uko jaani kweli.

#24 Otero_254
Lakini kabla ya hapo paa anaugua, bwana hamjali, anakufa na kutupwa kisimani. Utachekesha vipi baada ya hapo?

#25 BintiMakame
Hapo ndipo Jerry angeimba 😂

#26 Sauti Tatu
Msiondoke bila kugusa kile kipande cha tatu. Meza ndefu. Hakina wimbo wa kukishika, kinategemea umbali. Fella kawekwa ncha ya mbali, wenye nguvu ncha nyingine, na kila haja ndogo inakuwa safari.

Kwa anayetaka kujaribu kitu cha namna hiyo: pima safari kwanza. Mita 6 kwa mwendo wa haraka ni sekunde 3 hadi 4, na hiyo ndiyo nafasi ya ukimya unayoinunua kila mara. Safari ya kwanza ionyeshwe yote bila kukata, ndiyo inayomfundisha mtazamaji urefu. Ya pili yote tena. Ya tatu ikatwe katikati, au mtu arudishwe kabla hajafika. Ukikata ya kwanza, meza inakuwa fupi kwenye akili ya mtazamaji na hata ukiongeza mita kumi hazionekani. Kamera ikae pembeni kwa picha pana, kwa sababu ukipiga kutoka nchani kwa lenzi ndefu umbali unabanwa na watu wanaonekana wamekaa jirani.

#27 Ngosha wa Fremu
#26, mita 6 si fupi mno? Mimi ningeanza na 8.

#28 Sauti Tatu
8 inafaa kama mwigizaji anakimbia. Akitembea, sekunde zinafika 6 na mtazamaji anaanza kutazama pazia.

#29 Mla Mihogo
Na bado nasema ni Jerry.